Kalamu Imeinuliwa, na Simu Pia

Picha iliyopendwa kuliko zote kwenye ukurasa wa maktaba yetu ni ya mtoto asiyesoma. Kitabu kakishika, tena kakishika vizuri, jalada limeelekea mbele ili jina lake lionekane, na anamchekea mpiga picha. Macho yake yako kwenye kamera, na mtu hawezi kuangalia kamera na papo hapo akaangalia maandishi. Mtoto anayesoma kwelikweli hana sura ya kupigwa picha: kalala kifudifudi kwenye jamvi, mguu mmoja juu, mdomo wazi, kidole kimoja puani na kingine kinafuata mstari. Ukimwita haitiki. Ukimzunguka kuutafuta uso, ama kivuli chako kitaangukia kitabu naye anune, ama atakuona aanze kutabasamu, na hapo kusoma kumekwisha.

Picha ile ilipigwa na mgeni mmoja kabla sijakabidhiwa kazi hii. Mimi ndiye ninayesimamia mitandao ya programu ya usomaji ya watoto katika maktaba moja hapa Tanga. Programu yenyewe si kubwa. Ni Jumamosi asubuhi, watoto wa miaka sita hadi kumi na mitatu, wengi wa Ngamiani na Makorora, wengine wamepakiwa kwenye baiskeli na kaka zao, wengine moja kwa moja kutoka chuo cha Kurani, juzuu bado zi kwapani. Wanasoma, wanasomewa, wanaazima kitabu cha wiki, wanaondoka. Kwenye karatasi kazi yangu inaitwa mawasiliano. Kwa vitendo ni kupiga picha, kuandika maneno machache chini yake, kuposti Instagram na Facebook, kujibu komenti, kulisimamia grupu la WhatsApp la wazazi, na kila mwisho wa mwezi kumwandikia mfadhili wafuasi wameongezeka kiasi gani. Wenzangu huiona kazi nyepesi, ya kushinda na simu. Mimi imenipa swali la dini ambalo darsa zote za Ramadhani nilizokaa hazijawahi kunipa.

Swali lilitoka kwa mjomba wangu, aliyesomesha chuo Ngamiani mpaka macho yakamchoka. Nilikwenda kumjulia hali baada ya Alasiri, nikampa simu aone tunachokifanya. Alizipitisha picha polepole kwa kidole cha shahada, mashallah, mashallah, halafu akasimama kwenye ile picha maarufu.

"Mwanangu, huyu anamsomea nani?"

"Anajisomea mwenyewe, Mjomba."

"Mbona ananitazama mimi?"

Sikuwa na jibu, naye hakulingoja. Akanisimulia Hadithi ambayo kila aliyepita chuoni anaijua, iliyomo katika Sahihi Muslim, ya watu watatu watakaotangulia kuhukumiwa Siku ya Kiyama: aliyekufa vitani, aliyejifunza elimu na kusoma Kurani, na aliyetoa mali. Kila mmoja atadai alifanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na kila mmoja ataambiwa amesema uongo. Yule msomaji alisoma ili watu waseme ni msomaji, na watu walisema. Ujira wake kishaupokea. Nilipokuwa mdogo Hadithi hii ilinitisha kwa sababu ya moto ulio mwisho wake. Safari hii kilichonigutua ni kwamba hakuna anayedai yule mtu hakusoma. Alisoma, pengine kwa tajwidi safi kuliko ya mjomba wangu. Ila kisomo chake kilipelekwa kwa watu, watu wakakipokea, na hesabu ikafungwa.

Nilijitetea. Nilimwambia riya, yaani kutenda jema ili uonekane, ni maradhi ya moyo, na maktaba haina moyo. Maktaba ina bajeti, ina daftari la kuazimia, ina feni mbili na moja haizunguki. Akaunti ya Instagram haifi wala haifufuliwi, itahukumiwaje? Na mzazi wa Chumbageni atajuaje kwamba Jumamosi kuna vitabu vya bure kama hatukutangaza? Kurani yenyewe, katika Al-Baqara, imeisifu sadaka ya hadharani kabla ya kusema kwamba ya siri ikimfikia fukara ni bora zaidi. Mjomba aliyakubali yote. Akaongeza tu kwamba akaunti haina moyo, lakini kidole kinachobonyeza kina mwenyewe.

Ndipo nilipokwenda kwa Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika kazi yake iitwayo Ihya alitenga kitabu kizima juu ya riya na kupenda jaha, yaani cheo machoni pa watu, na kinyume na nilivyotarajia, hakuwa mtu wa kusema ficheni kila kitu. Anaruhusu amali idhihirishwe ikiwa wengine wataifuata, mradi mwenye amali auchunge moyo wake. Kisha anatoa kipimo ambacho tangu hapo hakijanitoka kichwani. Mtu ajiulize: lau angeambiwa aifiche amali yake, watu wamfuate mwenzake badala yake, na thawabu zake zisipungue hata chembe, angeridhia? Akiona moyo unasita, unataka awe yeye wa kufuatwa, basi ameshajua kilichokuwa kikimsukuma.

Kipimo hicho nikakipeleka kazini. Tuseme watoto wa Tanga wataongezeka kusoma, vitabu vitaazimwa mpaka vichakae, lakini sifa zote ziende kwa programu nyingine ya mji mwingine, ukurasa wetu sisi ubaki na wafuasi walewale. Tutafurahi? Mkuu wetu wa maktaba, mama mwepesi wa kucheka, alicheka. "Sisi tutafurahi. Mfadhili je?"

Mfadhili nimtendee haki. Hana ubaya. Yuko mbali, hawezi kuja kukaa jamvini, na kuna watu wanaomuuliza pesa zimekwenda wapi. Anahitaji kitu cha kuwaonyesha, na kinachoonyesheka kirahisi kuliko vyote ni uso. Mwaka 2014 watafiti wa Georgia Tech na Yahoo walichambua picha milioni 1.1 za Instagram, wakakuta kwamba picha yenye uso wa mtu ina nafasi kubwa zaidi ya kupata laiki kwa asilimia 38, na komenti kwa asilimia 32. Anayeshika ukurasa wowote anayajua haya bila utafiti. Nikiweka picha ya rafu mpya iliyojaa vitabu vya Kiswahili, kimya. Nikiweka binti mwenye pengo la meno ya mbele, simu inalia mpaka Magharibi. Mtambo unaopanga nani aone nini hauna habari na kusoma. Unapima jicho limekaa wapi na kidole kimegusa nini, na jicho la binadamu hukaa usoni. Kwa hiyo ukurasa wa vitabu ukiachwa uende wenyewe utageuka ukurasa wa nyuso za watoto, na kitabu kitabaki kuwa kitu cha kushikwa mkononi wakati wa kupiga picha.

Nina mwenzangu anayekaa mapokezi, Mluteri, ambaye pia ndiye anayenisahihishia tahajia kabla sijaposti. Nilipomweleza kisa hiki alisema kwao nako swali hili limo, na limewasumbua vilevile. Katika hotuba ileile ya mlimani, sura ya tano ya Mathayo inataka taa iwekwe juu ya kinara watu wayaone matendo mema. Sura ya sita inataka mkono wa kushoto usijue unachotoa wa kulia, na anayesali ajifungie chumbani. "Na mhubiri hajanywa hata maji katikati," alisema. Tulicheka. Halafu akatulia, akasema jambo ambalo nimeliazima moja kwa moja: taa ya kwenye kinara inawaangazia waliomo nyumbani wapate kuona vyombo, na watoto, na mlango. Hakuna anayekaa usiku kucha akiitumbulia macho taa. Basi ukurasa wa maktaba ukiwa taa, mtu akiufungua aone nini? Aone saa za kufungua. Aone kitabu gani kimeingia, na kinafaa umri gani. Aone namna ya kumsomea mtoto ambaye hajajua herufi. Tulipoyaorodhesha hayo tuligundua kwamba karibu hakuna hata moja linalohitaji uso wa mtoto.

Ipo picha moja ya msomaji ninayoitamani, na ilichorwa kwa maneno yapata miaka 1,600 iliyopita. Agostino, mwana wa Thagaste, mji ulioko katika Algeria ya leo, anaeleza katika Maungamo yake jinsi alivyokuwa akimkuta Ambrosi, askofu wa Milano, akisoma kimya. Macho yakipita kurasani, moyo ukiitafuta maana, sauti na ulimi vimetulia. Mlango ulikuwa wazi, mgeni hakuhitaji kubisha hodi. Agostino na wenzake waliingia na maswali yao, wakakaa kimya kirefu, kisha wakaondoka bila kuuliza kitu, kwa kuwa nani angethubutu kumkatiza mtu aliyezama namna ile? Wataalamu wamebishana sana kama kusoma kimya kulikuwa jambo geni zama hizo. Mimi ninachokipenda ni adabu ya wale wageni. Walimwona msomaji, wakatambua kwamba anachokiona yeye wao hawakioni, wakajiondokea.

Bila shaka msomaji mkali ataniambia kwamba Agostino naye aliposti. Ni kweli, asingeandika, tusingejua. Lakini aliyeandikwa alikuwa askofu, mtu mzima, aliyeuacha mlango wazi kwa hiari yake. Wetu wana miaka tisa.

Hapa ndipo swali lilipoacha kuwa la nafsi yangu, na sitaki kuficha kwamba nilipumua kidogo, maana kuchunguza nia yako mwenyewe kila unapobonyeza kitufe kunachosha na mwisho kunageuka kujipenda kwa namna nyingine. Tuuache moyo wangu. Mtoto ana haki gani?

Katika dini yangu mtoto ana hadhi ambayo mtu mzima hana. Hadithi waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengine inasema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Sisi tulifundishwa hii kama kanuni ya fikihi. Mtoto si mukallaf, asipofunga hana dhambi, basi, twende somo linalofuata. Lakini hebu itazame kama habari inayohusu kumbukumbu. Malaika wawili waandishi, ambao kwa mtu mzima hawaachi hata neno, kwa mtoto wameweka kalamu chini. Yule ajuaye kila kitu, ambaye kuandika hakumgharimu chochote, ameamua kwamba miaka ile haitawekwa kwenye faili la mtu. Mtoto aseme uongo, ampige mwenzake, aibe embe, agome kusoma, alie mbele za watu kwa sababu kakosa kiti: hakuna daftari. Wanazuoni wengi wamesema mema yake huandikwa, mabaya ndiyo huachwa. Sasa mimi ni nani niinue simu mahali ambapo kalamu imeinuliwa?

Mkuu wetu aliuliza swali zuri. Si tunaposti mema tu? Mtoto akisoma kafanya jema, nasi tukiliandika tumefanya kazi ya malaika. Nimelifikiria sana hilo, na nadhani jibu liko nyuma ya kabati la atlasi.

Nyuma ya kabati hilo hukaa kijana wetu mmoja, miongoni mwa wakubwa, sauti imeanza kukwaruza. Alichelewa kuanza shule. Anasoma vitabu vya picha vya darasa la pili. Hukaa mgongo ukutani, kidole kwenye mstari, midomo ikizitamka silabi bila sauti, na pajani ana kitabu kikubwa cha jiografia kilichofunguliwa. Mlango ukilia tu, jiografia inakuja juu na kitabu cha picha kinakwenda chini. Akishajua kwamba aliyeingia si wa shuleni kwao, anavibadilisha tena. Kwangu mimi hakuna anayesoma kishujaa kumshinda yule. Ningempiga picha, ingetrendi. Wageni wangetokwa machozi, wangeandika "Mungu ambariki", pengine wangetuma na pesa. Na Jumatatu asubuhi, kwenye foleni ya mstarini, angekuwa amekwisha. Jema letu lingekuwa aibu yake. Malaika akiandika anajua anachokiandika. Mimi ninabahatisha, tena nabahatisha juu ya mtu ambaye bado hajaja, yaani huyo kijana atakapokuwa na miaka ishirini na mitano na kutafuta kazi au mchumba.

Na daftari letu halifutiki kama tunavyodhani. Instagram na Facebook haziruhusu akaunti kwa walio chini ya miaka 13, maana yake watoto wetu karibu wote wamekatazwa kuingia mahali ambapo nyuso zao zinaishi. Mwaka 2024 shirika la Human Rights Watch lilionyesha kwamba picha za watoto wa Brazil, na baadaye za Australia, zikiwemo zilizowekwa kwenye kurasa za familia zenye watembeleaji wachache tu, zilikuwa zimezolewa ndani ya LAION-5B, hazina ya data iliyotumiwa kuifundisha akili mnemba. Hakuna aliyepiga hodi. Uso wa binti mwenye pengo unaweza kuwa ndani ya mashine kabla jino halijaota.

Sheria zipo, nazo nitazipita mbio. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 na ule wa Afrika wa 1990 yote miwili inampa mtoto faragha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jirani zetu wa ng'ambo ya Horohoro wana yao ya 2019, na mwaka 2023 kamishna wao wa data aliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Habari ile ilipotua kwenye magrupu ya huku, ghafla kila mwenye programu akachapisha fomu. Sisi pia tunayo. Lakini nimemwona mama akiisaini, mtoto mmoja mgongoni, ndoo ya samaki miguuni, bila kusoma hata kichwa cha habari, kwa kudhani asiposaini mwanawe hataazimwa kitabu. Sahihi ile itatukinga mbele ya kamishna. Mbele ya mtoto sioni itatukinga vipi.

Basi nilikuwa nimekwisha kuamua: nyuso mwiko, habari imekwisha. Halafu akapiga simu mama mmoja kutoka Muscat.

Ni wa Makorora. Alikwenda Oman kufanya kazi za ndani, mtoto wake wa kiume, wa miaka minane, kamwacha kwa bibi. Jumamosi akimaliza vyombo vya mchana hufungua ukurasa wetu kumtafuta.

"Dada, samahani kukusumbua. Wiki hii hukumweka."

Nilimweleza kwamba tumepunguza picha za watoto, nikamtajia sababu, nikajisikia nazungumza vizuri sana. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, dada. Lakini mimi sijamwona akisoma. Nilimwacha hajui hata herufi moja."

Hoja zangu zote zilisimama pale na mizigo yake. Maana yule mama hakutafuta wa kumpa laiki, na mtoto kutazamwa na mama yake hakumpunguzii kitu. Kinyume chake. Watoto hawa wanapoanza kuunganisha silabi, jambo la kwanza wanalolitaka ni shahidi. "Dada, nitazame! Dada, nione!" Ukisema umeona bila kuinua kichwa watajua. Na dini yangu haijasema kuonekana ni balaa. Katika Hadithi ya Jibrili, ihsani imeelezwa kuwa ni kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona, na kama humwoni, basi Yeye anakuona. Ibada yote imesimama juu ya kuonekana. Ila anayeona kule anakujua jina, anakujua ulikotoka, anajua jana ulikwama kwenye "ng'o" na leo umeivuka. Wafuasi wa ukurasa wetu hawajui kwamba mtoto alikwama popote.

Sasa namrekodi. Ukurasa mmoja wa kitabu, sauti yake na mkono wake ukifuata mstari, naituma kwenye simu ya mama yake peke yake. Wengine wakasikia, wakaomba: baba aliye baharini, bibi wa Pangani, shangazi anayelipa ada. Ni kazi ya taratibu, inakula bando, haiongezi mfuasi hata mmoja na haina pa kuingia kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi. Mkuu wetu ameniachia niifanye ndani ya saa za kazi, jambo ambalo ni ukarimu mkubwa kuliko linavyosikika.

Mjomba sikumwacha hivihivi. Nilimuuliza: na mashindano ya Kurani je? Ramadhani, Dar es Salaam, watoto wanapandishwa jukwaani, uwanja umejaa, televisheni zinarusha mubashara, washindi wanapewa zawadi. Wao wanamsomea nani? Alikaa kitambo akizungusha tasbihi. Akasema kisomo cha sauti kimewekwa kwa ajili ya sikio, na mtoto anayepanda jukwaani anajua kwamba amepanda. Yule wa kwenye jamvi lenu hajui kama kuna jukwaa. Nusu ya jibu lake naikubali. Ile nusu nyingine siikubali, kwa sababu nimewahi kumwona mtoto kwenye runinga akikosea aya na uso ukimvunjika mbele ya nchi nzima, na sidhani kama siku alipoambiwa "utakwenda mashindanoni" alijua amekubali nini. Mjomba naye nadhani haikubali sana. Alibadilisha mazungumzo, akauliza kama nimeshakula.

Ukurasa wetu siku hizi una mikono mingi. Mikono, visogo, vitabu vilivyovunjika mgongo vikigundishwa, orodha ya vilivyoazimwa sana. Tarehe 1 Januari tunatoa rafuni vitabu vya Shaaban Robert, aliyezaliwa siku hiyo mwaka 1909 pale Vibambani, tunavipanga mezani na kuvipiga picha, na watu wa Tanga waliotawanyika duniani wanajaza komenti za shule walizosomea na walimu waliowachapa. Idadi ya wafuasi imelala. Mfadhili tumempelekea nakala ya daftari la kuazimia badala ya nyuso. Amevumilia, kwa sasa.

Aliyenikwamisha upya ni binti wa miaka kumi na miwili. Aliniletea daftari la mraba, kaandika maoni yake juu ya kitabu kimoja cha hadithi za fisi na sungura. Kwamba kinachosha. Kwamba fisi anadanganywa ukurasa wa kwanza, wa nne, wa tisa, na hajifunzi, na mwandishi inaonekana anadhani wasomaji nao ni mafisi. Alitaka niyaweke kwenye ukurasa, na jina lake, na picha yake. Nikaanza kumweleza habari za kalamu na kamishna na mashine. Alinisikiliza kwa heshima zote.

"Sasa dada, aliyeandika kitabu si jina lake liko juu? Na mimi si nimeandika?"

Sina jibu zuri kwa hilo mpaka leo. Yote niliyoyajenga yalikuwa juu ya mtoto anayesoma, ambaye hajajitokeza kwa mtu. Huyu kajitokeza. Mwenye kuandika maoni amekwisha kugeuka na kututazama, tena kwa makusudi, na kumwambia arudi jamvini akalale kifudifudi ni kumnyamazisha kwa kisingizio cha kumlinda. Mama yake alikuja, tukakaa watatu. Tulikubaliana: sauti yake akiyasoma maoni, picha ya jalada, jina la kwanza tu. Nilipendekeza tulainishe kidogo ile sentensi ya mafisi, kwa kuwa kitabu chenyewe kilikuja kwenye maboksi ya mfadhili. Alikataa. Mkuu wetu aliisikiliza, akacheka mpaka akavua miwani, akasema weka.

Instagram haikushtuka. Laiki chache, komenti moja ya mtu anayeuza viatu. Lakini grupu la wazazi liliichukua sauti ile, ikazunguka nyumba hadi nyumba, na Jumamosi iliyofuata watoto waliingia wakaelekea wote kwenye rafu moja. Kitabu kilichokuwa kimelala hapo tangu maboksi yafunguliwe sasa kina foleni. Wanataka kuhakikisha wenyewe kama fisi ni mjinga kiasi hicho. Wawili wameshakimaliza na wanasema binti kamwonea, na mmoja wao ananifuata kila wiki akitaka nimrekodi ajibu.